Nimefunga mashine ya nguvu farasi 15, ya 25 na ya 40 kwenye boti moja, na mafuta yamenipa jibu

"Mjomba, mbona leo boti haipandi juu ya maji?"

Mpwa wangu aliniuliza hivyo tukiwa katikati ya maji, watu sita ndani ya boti na mizigo ya kama kilo 150, mkono wa mafuta nimeuvuta mpaka mwisho. Omo, yaani mbele ya boti, lilikuwa limeinuka hadi sioni tuendako, tezi, yaani nyuma yake, imezama, na nyuma yetu tunaburuta wimbi kubwa kama tunavuta jahazi. Mashine ilikuwa ya nguvu farasi 25, ya mipigo minne (isiyochanganywa oili kwenye petroli), haijamaliza hata saa 30 za kazi. Tulifika salama. Lakini safari ya kilomita 12 ilikula karibu lita 7 za petroli, na mashine niliyoitoa, ya 15, ilikuwa inakwenda njia hiyohiyo na mzigo kama huo kwa lita 5 na kidogo.

Jambo hilo lilinikosesha usingizi. Nilinunua nguvu zaidi ili nifike mapema, nikawa tayari kulipia mafuta ya ziada kidogo. Sikutegemea kupata mwendo mdogo namna ile kwa mafuta mengi namna ile. Ndipo nilipoacha kubahatisha nikaanza kupima, na baadaye nikafunga na ya 40 juu ya boti ileile. Haya ninayoandika ni maoni yangu kuhusu mashine hizo tatu. Kampuni sizitaji kwa sababu ninachotaka kukieleza ni nguvu, na mashine za ukubwa mmoja zilizotengenezwa miaka ya karibuni hazipishani sana kwa unywaji wa mafuta.

Boti yenyewe ni ya faiba, wazi, urefu mita 5.5, na sehemu inayokaa majini ni mita 5 hivi. Tumbo lake ni bapa upande wa tezi na lina ncha kidogo upande wa omo. Tupu ina uzito wa kilo 300. Kibati cha mtengenezaji kinaruhusu mashine isiyozidi farasi 50. Kibati hicho kisomwe kabla ya jambo lolote, maana kuna watu wanafunga mashine inayozidi kipimo cha boti, na ubao wa tezi, ule inapofungwa mashine, unakuja kupasuka wakiwa mbali na nchi kavu.

Kupima sikuhitaji vifaa vya ajabu. Nilichukua dumu jeupe linaloonyesha ndani, nikalichora mistari ya kila robo lita, nikaliunganisha na mpira wa mafuta mahali pa tanki. Tulikwenda na kurudi kwenye mstari mmoja ili mkondo wa maji ujifute wenyewe, mwendo tukausoma kwenye GPS ya simu. Mpwa wangu ndiye aliyeshika daftari. Kwa mizunguko ya mashine nilinunua kipimo kidogo kile cha kuzungushia waya juu ya waya wa plagi. Katika vitu vyote nilivyowahi kununua kwa ajili ya boti, hicho kidogo ndicho kilichonifundisha zaidi.

Kwanza niwape picha ya kinachotokea majini, maana bila hiyo tarakimu hazitaeleweka. Boti inayokwenda polepole inalima maji. Inayasukuma pembeni, nayo yanafunga nyuma yake, na chombo kinakaa ndani ya wimbi lake chenyewe. Urefu wa wimbi hilo unategemea mwendo, na ukifika mahali wimbi likawa refu sawa na boti, hapo umegonga ukuta. Hesabu yake ni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa sehemu iliyo majini kwa mita, zidisha kwa 4.5, unapata kilomita kwa saa. Yangu ya mita 5 inagonga ukuta kwenye kilomita 10 kwa saa. Kufika hapo hakuhitaji nguvu nyingi. Mashine aliyotengeneza Ole Evinrude mwaka 1909, iliyoanza kuuzwa kwa wingi kwa watu wa mashua za makasia, ilikuwa na nguvu farasi 1.5 tu, na watu waliona wameokoka.

Ukitaka kupita ukuta huo, boti lazima ipande juu ya wimbi lake na kuanza kuteleza juu ya maji. Ikishapanda, tumbo linalogusa maji linapungua na mambo yanalegea. Kazi iko kwenye kupanda. Kati ya kilomita 10 na kama 20 kwa saa kuna mlima, na boti iliyo kwenye mlima huo inakula mafuta kuliko mahali pengine popote ukilinganisha na umbali inaokwenda. Mashine isiyo na nguvu ya kuuvuka haishuki yenyewe kurudi chini. Inabaki palepale, omo juu, ikiunguza petroli yote inayoweza kuunguza.

Sasa mashine ya 15. Ina kilo kama 50, mtu mmoja mwenye mgongo mzuri anaibeba. Tukiwa wawili bila mzigo, ilipanda kwa shida kidogo na kufika kilomita 25 kwa saa, ikinywa lita 5.6 kwa saa. Hiyo ni kilomita 4 na nusu kwa lita moja, na sina lalamiko. Kwa watu sita na mzigo haikupanda kabisa. Ilifika kilomita 13 kwa saa ikakwama hapo, unywaji uleule wa lita 5.6, yaani kilomita 2.3 kwa lita.

Halafu nikafanya jambo ambalo miaka yote sikuwahi kulifanya. Nikiwa na mzigo uleule nilipunguza mafuta mpaka kilomita 9 kwa saa, chini kidogo ya ule ukuta. Omo likashuka, wimbi la nyuma likatulia, na mashine ikawa inanywa lita 2.2 tu kwa saa. Kilomita 4.1 kwa lita! Kwa kuacha kilomita 4 za mwendo nimekaribia kupata umbali mara mbili kwa mafuta yaleyale. Safari ya kilomita 12 ilichukua saa 1 na dakika 20 badala ya dakika 55, na ikala lita 3 badala ya 5. Nilijisikia vibaya kwa petroli yote niliyokwisha kuipoteza kwa kudhani kuwa kuvuta mpaka mwisho ndiko kufika.

Mashine ya 25 ina kilo 60 hivi, na ndiyo iliyonitesa. Bila mzigo ni tamu mno. Inapanda mara moja, inakimbia kilomita 35 kwa saa na kunywa lita 9.2. Ukiirudisha kwenye kilomita 24 kwa saa inashuka hadi lita 5.2 tu, karibu sawa na ile ya 15 ikiwa imevutwa yote, lakini bila kelele na bila kuhangaika. Mtu anayekwenda mwenyewe au na mwenzake kwenye boti ya ukubwa huu, naona hana sababu ya kutafuta zaidi ya hapo.

Kwa mzigo ndipo ilipokwama kwenye mlima: kilomita 16 kwa saa, mafuta yote, kilomita 1.7 kwa lita. Katika daftari zima hakuna tarakimu mbaya kuliko hiyo, si kwa ya 15 wala kwa ya 40. Tulipowaomba watu wawili wasogee mbele karibu na omo, boti ilisitasita, ikapanda, ikashika kilomita 26 kwa saa na mizunguko ikaongezeka. Mashine ileile na mzigo uleule, watu wamesogea hatua tatu tu, tukawa tunapata kilomita 2.8 kwa lita. Tofauti ya kukwama na kupanda ilikuwa ndogo hivyo, na kila wimbi la mbele lilitosha kuturudisha chini.

Kabla ya kufikiria mashine nyingine nilikwenda kwa fundi mmoja mzee, naye hakutazama hata mashine. Aliniuliza: "Propela yako namba ngapi, na ikibeba mzigo inazunguka ngapi?" Nilikuwa na majibu kwa sababu ya kile kipimo kidogo. Propela ilikuwa ya pichi 11, na kwa mzigo mashine ilizunguka mara 4,400 kwa dakika, wakati kitabu chake kinataka kati ya 5,000 na 6,000 mafuta yakiwa yamevutwa yote. Akasema, "Basi umeinunua ya 25 unaitumia kama ya 18."

Pichi ni umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye mbao. Pichi 11 ni inchi 11, sentimita 28. Pichi kubwa ni kama gia kubwa ya baiskeli: kwenye tambarare unakimbia, kwenye mlima unashindwa kukanyaga. Na mashine ya petroli hutoa nguvu zake zote juu kabisa kwenye mizunguko yake. Ukiibana chini, zile nguvu farasi zilizoandikwa kwenye kifuniko hazipo. Namba ya kwenye kifuniko ni ahadi yenye masharti, na sharti lake kubwa ni mizunguko.

Unaweza kujifanyia hesabu. Bila mzigo mashine yangu ilizunguka 5,300. Gia ya mguu wake, ile sehemu inayozama majini, inagawanya kwa 2.08, kwa hiyo propela inazunguka 2,548 kwa dakika. Zidisha kwa sentimita 28 unapata kama mita 713 kwa dakika, karibu kilomita 43 kwa saa. GPS ilisoma 35. Asilimia 18 inayopungua ni propela kuteleza ndani ya maji, na kwa boti ndogo kama yangu kiasi hicho ni cha kawaida. Kama hesabu yako inatoa asilimia 35 au 40, kuna tatizo: propela imeliwa, au mashine imefungwa juu mno inavuta hewa, au tumbo la boti limeota magugu na chaza. Hilo la mwisho watu hulidharau. Tumbo chafu linakula nguvu kama mzigo, na kulisugua ni kazi ya asubuhi moja.

Nikafunga propela ya pichi 9. Kila inchi moja ya pichi inabadilisha mizunguko kwa kama 150 hadi 200, hivyo nilitegemea nyongeza ya 300 au 400, na ndivyo ilivyokuja. Kwa mzigo boti ikapanda yenyewe bila mtu kusogezwa, ikashika kilomita 25 kwa saa. Bila mzigo nilipoteza kitu: 35 ikawa 31. Nilikubali kwa moyo mmoja. Ningepewa nafasi ya kuanza upya, ningenunua propela hiyo wiki ya kwanza. Na ninasikitika kwamba muuzaji wa mashine hakuniuliza swali hata moja kuhusu mzigo ninaobeba. Aliniuliza rangi.

Kwa nini basi nikaenda kwenye ya 40? Kwa sababu mzigo wangu uliongezeka, na kwa sababu 25 na propela ndogo ilikuwa inafanya kazi kwa nguvu zake zote muda wote. Mashine inayovutwa mpaka mwisho saa 3 kila siku haitadumu kama inayopumua.

Ya 40 ina karibu kilo 100. Hapo mambo yanabadilika hata kabla hujaiwasha. Tezi ilikaa chini sana hadi maji yakawa yanarukia ndani nikipunguza mwendo ghafla, maana wimbi la nyuma linakufuata na kukupanda. Nilihamisha tanki na betri kuzipeleka mbele ya katikati, ndipo boti ikakaa sawa. Asiye na nafasi ya kuhamisha uzito asifunge mashine ya uzito huu kwenye boti ya ukubwa wangu, hata kama kibati kinaruhusu. Pia pima kimo cha ubao wa tezi. Wangu ni sentimita 51, unataka mguu mrefu. Nilikaribia kuuziwa yenye mguu mfupi wa sentimita 38 kwa maneno kwamba "itafaa tu". Isingefaa, propela ingekaa juu, ikavuta hewa, na farasi 40 wangepiga povu.

Tukiwa wawili, ilifika kilomita 43 kwa saa na kunywa lita 14. Tazama hesabu hiyo vizuri. Nguvu zimekuwa mara 2.7 ya ile ya 15, mafuta mara 2 na nusu, mwendo haujafika hata mara 2. Hivyo ndivyo ilivyo kwa boti zote zinazoteleza: mwendo unaongezeka kwa kipeuo cha pili cha nguvu. Ukizidisha nguvu mara 2 mwendo unaongezeka kwa asilimia 41 tu, na hiyo ni kama uzito haujaongezeka. Kwa hiyo mtu anayetaka kutoka kilomita 40 kwenda 80 kwa saa ajue anahitaji nguvu mara 4, si mara 2.

Lakini nikiirudisha ya 40 kwenye kilomita 25 kwa saa, mwendo wa juu kabisa wa ile ya 15, ilikunywa lita 6 kwa saa. Ile ya 15 ilikunywa 5.6. Tofauti ya glasi mbili za maji! Hapa ndipo wengi wanapokosea wanaposema mashine kubwa inakula mafuta. Kinachokula mafuta ni nguvu unayoichukua, na nguvu unayoichukua inaamuliwa na uzito, mwendo na tumbo la boti. Kwa mashine ya mipigo minne iliyovutwa yote, kadiria kama thuluthi ya lita kwa kila farasi kwa saa, au lita 3 na nusu kwa kila farasi 10. Hutakuwa mbali na ukweli. Ukichukua farasi 14 kutoka kwenye mashine ya 40 unalipia farasi 14, pamoja na kidogo cha kubeba uzito wake na kuzungusha vyuma vyake.

Hicho kidogo kinaonekana zaidi ukienda polepole. Kwenye kilomita 9 kwa saa bila mzigo, ya 15 ilikunywa lita 1.4, ya 40 lita 1.9. Anayevua kwa kuburuta ndoano siku nzima, au anayekwenda ndani ya mito na mifereji mwendo wa mtu anayetembea, atailipia hiyo nusu lita kila saa bila kupata chochote. Huyo ya 15 inamtosha, tena hata ya 10.

Kwa mzigo, ya 40 ndiyo iliyonifanya nitabasamu. Inapanda kwa sekunde chache, inafika kilomita 31 kwa saa ikivutwa yote, na kwenye kilomita 26 inanywa lita 9.5, sawa na kilomita 2.7 kwa lita. Ile safari ya kilomita 12 iliyokula karibu lita 7 kwa mashine ya 25 iliyokwama, sasa inakula lita 4 na nusu, kwa dakika 28. Mashine kubwa zaidi imepunguza mafuta. Nisingeamini kama si dumu langu mwenyewe.

Neno moja kuhusu mashine za mipigo miwili, zile za kuchanganya oili, kwa sababu najua wengi mnazo. Kabla ya hizi tatu nilikuwa na moja ya 15 ya kabureta. Ni nyepesi, kilo 36, fundi yeyote anaijua, na inaruka kwa nguvu. Lakini sehemu ya petroli inatoka na moshi bila kuungua, na yangu ilikunywa lita 7 na nusu kwa saa pale ile ya mipigo minne inapokunywa 5.6. Ongeza na oili, kwa kipimo cha 50 kwa 1 ni mililita 20 kila lita. Anayetumia mashine mara chache kwa mwezi asihangaike kuibadilisha. Anayetumia kila siku aangalie daftari.

Kasoro za ya 40 sizifichi. Ni nzito kuinyanyua, haitolewi usiku kupelekwa ndani na mtu mmoja. Inataka betri ikae vizuri. Ukiivuta yote kwa sababu tu inawezekana, unaingia kilomita 3 kwa lita na ulikuwa na uwezo wa kupata 4. Naipa nne kati ya tano kwa anayebeba mzigo. Ya 25, ikiwa na propela ya kufaa, naipa nne na nusu kwa boti ya watu wawili watatu. Ya 15 naipa tano kamili kwa mtu asiye na haraka.

Mafuta bado nayagawa mafungu matatu: fungu la kwenda, la kurudi, na la dharura lisiloguswa. Mashine kubwa haijabadilisha hilo. Kilichobadilika ni kwamba mpwa wangu amepaka mstari mwekundu kwenye mkono wa mafuta, mahali mashine inapozunguka 4,200 na boti iko juu ya maji, omo limetulia. Tukiwa na abiria ananitazama mkono, na nikiupita mstari anakohoa.